Vermuti ya Pakanga

Mume wangu alipostaafu, watu walinipongeza kana kwamba nimestaafu mimi. "Sasa utapata msaidizi nyumbani," walimu wenzangu waliniambia. Nikacheka nao. Sikujua nacheka nini.

Kazi yake ilikuwa uteuzi wa tumbaku. Miaka mingi alizunguka masoko ya Usoke na Urambo, akipapasa majani, akiyanusa na kuyapa daraja, huku wakulima na familia zao wakiitazama pua yake kama watu wanaosubiri hukumu. Mtu aliyezoea kutazamwa pua hivyo hawezi kukaa nyumbani kwetu Cheyo, hapa Tabora mjini, akitazama ukuta. Kwanza alichimba bwawa la samaki nyuma ya nyumba. Samaki wakaliwa na ndege. Kisha akaweka mzinga wa nyuki karibu na kamba ya kuanikia nguo, na mimi nikaenda kufundisha darasa la nne nikiwa naona kwa jicho moja. Kwa hiyo jubilei yetu ya miaka ishirini na mitano ya ndoa ilipokaribia, naye akasema amepata wazo, nilivuta kiti nikakaa kwanza.

"Nitakutengenezea martini," akasema.

Ilibidi anikumbushe. Tulipooana tulikwenda fungate Dar es Salaam, na jioni moja tukaingia hoteli moja ya ufukweni, kutazama tu. Meza ya jirani walikaa mzee na mkewe, wageni, na mbele yao glasi mbili zenye mguu mrefu, zimepanuka juu kama faneli, ndani mna kinywaji cheupe kama maji na zeituni imelala chini. Wale wazee hawakuwa wakizungumza. Walikunywa kidogokidogo, wakatazamana, wakanywa tena. Mhudumu alipotujia tuliona haya kuuliza kile ni nini, tukaagiza soda. Mimi nilisahau siku hiyohiyo. Mume wangu hakusahau, na alipopata simu yenye video akatafuta mpaka akajua kinaitwaje.

"Vitu viwili tu," aliniambia, akinyoosha vidole viwili mbele ya uso wangu. "Jini na vermuti. Unakoroga na barafu, unachuja, unatia zeituni. Mama, vitu viwili tu!"

Vitu viwili hivyo vilinikalisha roho juu mwezi mzima.

Jini aliipata siku hiyohiyo, duka la vinywaji mjini. Akaitia ndani ya friza, chini ya kuku wangu, maana video ilisema lazima iwe baridi ya kuuma meno. Vermuti ndiyo ilikuwa kazi. Ni divai iliyolowekwa mitishamba na viungo, na Tabora hakuna aliyeijua. Mwenye duka la vinywaji alimletea divai ya kawaida akamwapia kwamba ni ileile. Mzee wa Kihindi tunayenunua viungo kwake alimsikiliza kwa adabu zote, akaingia stoo, akarudi na chupa ya siki. Zeituni alikuwa nazo, kopo zima. Katika mji wetu huu vimepita vitu vya kila aina tangu enzi za misafara, pembe na shanga na chumvi na vitambaa, kutoka pwani mpaka Ujiji na kurudi. Vermuti haikupita.

"Basi mwache mzee wa watu," nilimwambia. "Tutakunywa divai kama watu wengine."

Hakuacha. Alimpigia rafiki yake wa zamani aliyeko Dar, naye akanunua chupa, akaituma kwa basi. Mabasi ya kuja Tabora yapo kila siku. Lakini rafiki huyo alikuwa na konda anayemwamini, na konda anayeaminika alikuwa kwenye basi la Mwanza, lisilofika kwetu. Kwa hiyo mume wangu, mtu mzima mwenye shinikizo la damu, alipanda gari alfajiri kwenda Igunga kuingojea chupa barabarani. Alishinda pale kutwa kwenye vumbi, kati ya malori ya pamba na wauza mchele, akinipigia simu kunieleza kila basi lililopita ambalo halikuwa lenyewe. Nikiwa darasani. Mara ya mwisho nilipokea mbele ya watoto nikasema, "Usinipigie tena mpaka uwe na chupa au uwe umekufa," na darasa zima likanyamaza.

Alirudi jioni amepakata boksi lililolowa. Chupa ilikuwa imevunjika njiani, ilikandamizwa na mizigo ya abiria. Nilitegemea atakuwa amevunjika moyo. Wapi! Aliliweka boksi mezani, akalichana taratibu, akachomeka uso wake ndani.

"Kuna chungwa," akasema. "Ganda lake. Kuna mdalasini. Kuna kitu kama karafuu." Akavuta pumzi tena, akafumba macho. "Na kuna pakanga."

"Pakanga hii hii inayotibu homa?"

"Hii hii. Njoo unuse."

Nilinusa. Sitasema uongo, ilikuwa pakanga, ule uchungu unaokukaba kooni kabla hujaonja chochote. Nilijua hapohapo kwamba jikoni kwangu kumekwisha.

Alinunua divai nyeupe ya Dodoma. Akachuma pakanga kwa jirani, akaanika maganda ya machungwa juu ya paa, akaponda iliki na mdalasini katika kinu changu cha tangawizi, akaongeza asali na jini kidogo ili isiharibike. Vyote akavitia ndani ya mtungi mkubwa wa kioo ninaohifadhia achari, achari yangu akaimwaga kwenye bakuli, akafunga mdomo wa mtungi kwa kitambaa cheupe. Kila akipita aliufungua, akanusa, akafunga. Nyumba nzima ilinuka kama kibanda cha mganga.

Wakati huo ndipo wifi yangu alipofika kutoka Usoke.

Ni dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyemlea. Wao kwao ni Wakatoliki kama mimi, lakini yeye aliolewa kwa Wamoravian, akaingia moja kwa moja, na kwa habari ya pombe ana msimamo usiopinda. Kachumbari yenye siki anaiuliza mara mbili kabla hajaila. Mume wake alifariki mwaka uliotangulia, na watoto wao wako mbali na kazi zao. Alikuja wiki mbili kabla ya jubilei, na mfuko wa michembe ya viazi vitamu na karanga, anisaidie maandalizi.

Nilimpenda toka siku ya kwanza niliyoolewa, lakini kukaa naye si mchezo. Alipanga upya masufuria yangu. Alinifundisha kupika wali, mimi mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Na kila asubuhi nilipoamka nilimkuta jikoni amekaa peke yake, macho mekundu, chai mbele yake imepoa.

"Shikamoo wifi. Umelalaje?"

"Marahaba. Nimelala, Mungu ni mwema," alikuwa akijibu, na mtu yeyote angeona kwamba hajalala.

Siku moja nikiwa naosha vyombo alinifuata mbio, ameshika kifua. "Wifi! Nimemsikia mdogo wangu kwenye simu. Anasema jini analo. Analo ndani ya friza!"

"Ni jina la kinywaji, wifi. Pombe kali ya chupa. Inaitwa jini."

Alikiachia kifua. "Heri lingekuwa jini la kweli," akasema. "Lile linakemewa likatoka."

Jioni hiyo alimsomea mdogo wake mistari ya Maandiko kuanzia supu mpaka tunda. Mume wangu aliinamisha kichwa kama mtoto wa shule. Nilifurahi, nasema kweli. Nilidhani nimepata mtu wa kunisaidia kubeba mzigo.

Baada ya hapo wifi akaanza kubadilika. Asubuhi nilimkuta amelala mpaka jua limetoka, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Akaamka ananyoosha mikono, anatabasamu, ananisalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!", kana kwamba tumekutana kisimani. Akaimba akichambua mchele. Alinieleza hadithi za utoto wao ambazo mume wangu hakuwahi kunieleza, jinsi alivyokuwa akikojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Mashavu yalimrudi. Nilimshukuru Mungu, nikasema labda ni hewa ya mji.

Wakati huohuo vermuti ilikuwa inapungua mtungini.

"Unaionja mno," nilimwambia mume wangu.

"Mimi nainusa tu. Inakauka. Ni joto."

"Kitu gani kinakauka kwa kasi ya vikombe?"

Tuligombana juu ya mtungi ule mpaka tukafika kwenye bwawa la samaki, na kutoka kwenye bwawa la samaki tukafika kwa mama yake, Mungu amrehemu. Hakukiri kitu.

Siku mbili kabla ya Misa ya jubilei, nilirudi shuleni mapema nikaingia stoo kuchukua unga. Wifi alikuwa amesimama mbele ya mtungi, kikombe cha chai mkononi, anachota kwa upawa. Hakushtuka hata kidogo.

"Karibu wifi. Nakunywa dawa yangu."

"Dawa gani, wifi?"

"Hii ya mdogo wangu. Nilimuuliza, akaniambia ni ya tumbo na viungo. Chungu kama nini! Lakini wifi, tangu nianze, kikombe asubuhi, kikombe jioni, magoti hayaniumi. Na usingizi! Mimi tangu mume wangu aondoke sikujua usingizi ni nini." Akanywa mpaka mwisho, akakunja uso, akafuta midomo. "Atanipa majani nikawapelekee wamama wa kanisani. Kuna wajane wengi kule."

Nilibaki nimeshika kopo la unga. Maneno yalikuwa mdomoni, lakini hayakuwa yangu. Ndugu ni wao wawili, na aliyedanganya ni mmoja. Nilitoka nje nikamkuta mume wangu anafagia majani chini ya mpera kama mtu asiye na dhambi.

"Umemwambia dada yako ile ni dawa?"

Ufagio ulisimama. "Aliuliza ghafla. Angesema nini angejua ni pombe? Nilidhani ataonja mara moja, ataitema."

"Hajaitema. Anakunywa kikombe kutwa mara mbili. Anataka kuwapelekea wajane."

Alikaa juu ya tofali. "Nitamwambia baada ya jubilei," akasema.

"Utamwambia kabla ya kesho jioni. Usipomwambia wewe, namwambia mimi, mbele ya padri ikibidi."

Na mtungi nikauhamishia chumbani kwetu, nikaufunika kwa kanga. Wifi alipoulizia dawa asubuhi, nilimwambia mdogo wake anayo. Aliniangalia kwa huruma, kama mgonjwa mmoja anavyomwangalia mwingine, akasema, "Naye ameanza kuumwa magoti?"

Kesho yake mchana umeme ulikatika. Mume wangu aliingia na wasiwasi kwamba jini itapata joto, barafu itayeyuka, na martini haitawezekana tena. Kwa hiyo lazima aitengeneze sasa hivi, saa tisa mchana, siku moja kabla, aone inavyokwenda. Nilimuuliza kuhusu dada yake. Akasema amekwenda kwa jirani kusuka mkeka, atamwambia akirudi, tena akishatulia. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilikaa sebuleni nikamtazama.

Nitampa haki yake: alivyofanya alifanya vizuri. Alikuwa amekodi glasi mbili kwa wale wanaokodisha vyombo vya harusi, zile za mguu mrefu zilizopanuka juu. Alizipoza kwa barafu, akaimwaga. Jini ilitoka ndani ya friza ikiwa nzito, chupa imefunikwa ukungu. Akapima kwa kikombe cha dawa ya kikohozi, sehemu tano za jini, moja ya vermuti, kwenye jagi lenye barafu. Akakoroga kwa mpini wa mwiko, taratibu, bila kugonga kioo, kama alivyoona kwenye video. Mikono ile iliyopapasa tumbaku maisha yake yote ilikuwa imetulia kabisa. Kwa kitambo nilisahau kukasirika.

Wifi akaingia. Ule mkeka haukuwa umemchukua muda.

Alitazama jagi. Akatazama chupa ya jini, ambayo aliijua. Akatazama mtungi wa achari, ambao aliujua zaidi.

"Wewe mtoto," akasema, "unachanganya dawa yangu na pombe?"

Mume wangu alisimama na mwiko mkononi.

"Dawa ya Mungu! Inayowaponya watu! Unaitia kwenye uchafu huo? Wifi, nawe umekaa unatazama?"

"Mwambie," nikamwambia mume wangu.

"Dada, kaa kwanza."

"Sikai."

"Dada... na hiyo nayo ni pombe. Ni divai. Pakanga imo, sikukudanganya kuhusu pakanga. Lakini ni divai, na jini kidogo."

Umeme ulikuwa bado haujarudi, friji imenyamaza, feni imenyamaza. Nilimsikia mtu anauza mkaa barabara ya pili. Wifi alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja mapajani. Nilitegemea moto. Nilitamani moto, ningejua la kufanya.

"Ulijua, wifi?" akaniuliza.

"Tangu jana. Nilimpa mpaka leo akwambie."

Akatikisa kichwa. "Mimi niliomba," akasema, wala hakuwa akizungumza nasi. "Nilimwambia Mungu, nipe usingizi tu, sitaki kingine. Ile nyumba ina kimya. Nikilala nasikia kimya. Nilipofika hapa nikapata dawa, nikasema amenisikia. Nikatoa ushuhuda kwa simu, wamama wakashangilia." Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti. "Kumbe nilikuwa mlevi."

"Dada, hukuwa mlevi..."

"Nyamaza!"

Aliinuka, akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu. Upole ule ulinichoma kuliko kama angeubamiza.

Mume wangu aligeuka kunitazama, na barafu ikiyeyuka ndani ya jagi lake. Nilichukua jagi mkononi mwake, nikachuja kinywaji katika glasi moja, nikanywa nimesimama, kwa hasira. Kilikuwa baridi ya kuuma. Mwanzo kama hewa ya asubuhi msituni, kisha ganda la chungwa, kisha ule uchungu wa pakanga ukaja nyuma polepole ukakaa. Kilikuwa kizuri sana, na hilo lilinikasirisha kuliko yote.

"Vipi?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Nenda kagonge mlango wa dada yako."

Aligonga. Hakufunguliwa. Akakaa sakafuni koridoni, mgongo ukutani, akamwomba msamaha kupitia mbao, kwa Kinyamwezi, ambacho siku hizi hakisemi ila akiwa na homa. Sikuelewa yote. Nilielewa pale alipomwambia, wewe ndiye mama yangu. Alikaa pale mpaka nilipomwita kula, na hakuja.

Siku ya Misa, wifi alivaa kitenge tulichoshona sare, akaja kanisani, akaketi upande wangu. Wakati wa kupeana amani alinishika mkono, akawashika jirani wote, mbele na nyuma. Mdogo wake alikuwa amenyoosha mkono tangu mwanzo. Aliuacha ukining'inia mpaka padri alipokuwa anaendelea, ndipo akaushika, akaubana, na mume wangu baadaye aliniambia vidole vilimuuma mpaka kwenye keki. Martini hatukutoa. Wageni walikunywa soda na divai, na hakuna aliyekosa kitu.

Wifi akarudi Usoke. Mume wangu akawa anampigia kila siku, naye anapokea, anajibu salamu, anakata. Pua yangu haijui daraja la tumbaku, lakini mtu asiyelala namjua hata kwa sauti. Mwishoni nilichoka kumsikiliza mume wangu akisema "dada, dada, halo" sebuleni, nikamwambia, "Nenda kamchukue." Alishtuka. Mimi pia nilishtuka. Nyumba yetu ni ndogo, na nimeshaeleza habari ya masufuria.

Alikwenda, wakabishana huko siku nzima. Shamba ataachia nani, kuku atamwachia nani, kanisa je. Kilichomleta wifi, alivyoniambia mwenyewe, ni kwamba mume wangu alilala sebuleni kwake kwenye kochi, akakoroma kama lori linalopanda mlima, na yeye akalala fofofo mpaka asubuhi. Alikuja na kuku wake.

Anakaa chumba cha binti yetu aliyeolewa, ukuta mmoja na sisi. Analala. Anakunywa maziwa ya moto, na kila kikombe ananusa kwanza, halafu ananitazama mimi, siyo mdogo wake. Jumapili yeye anakwenda kwa Wamoravian, sisi tunakwenda kwetu, na wa kwanza kurudi anakuta chakula hakijaiva na anauliza kwa nini. Kuku wanataga ndani ya beseni langu la nguo. Jana nimehangaika na upawa wa wali, nimefungua kila mlango wa jikoni kwangu, jikoni nilikopika miaka ishirini na mitano. Nilipouliza, wamenijibu wote wawili kwa pamoja kutoka sebuleni, kila mmoja akataja kabati lake, na upawa haukuwa katika lolote.